Msimamizi wa mirathi akishika droo ya duka la marehemu

Ugomvi wa mirathi ya mwenye duka mara nyingi huanzia kwenye droo ya mauzo, kabla hata nyumba na kiwanja havijatajwa. Baba amefariki, matanga yameanuliwa, ukoo umekaa kikao ukampendekeza baba mdogo, na Mahakama ya Mwanzo imempa barua ya usimamizi. Kesho yake asubuhi baba mdogo anafungua duka. Anauza, anaagiza mzigo, analipa kodi ya fremu, jioni anafunga. Mwaka wa pili ukiingia, mtoto mkubwa wa marehemu anauliza faida iko wapi. Baba mdogo anajibu, kwa uchungu wa kweli kabisa, kwamba aliacha shughuli zake kuja kuwalindia mali, na alichokula humo ni jasho lake.

Wote wawili wana hoja. Kazi imefanyika, na hakuna anayekaa dukani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku kwa ajili ya sala na dua. Lakini huyu bwana alijiajiri mwenyewe, akajipangia mshahara, akajilipa, kisha akajikagua. Msimamo wangu ni huu: msimamizi anayeendesha biashara ya marehemu alipwe kwa kazi ya dukani, kiasi kilekile ambacho angelipwa mtu baki aliyeajiriwa kuifanya, na kiasi hicho kipangwe na watu wengine kabla yeye hajaanza kuchukua. Cheo cha usimamizi chenyewe hakina mshahara. Kusimama nyuma ya kaunta kuna mshahara. Familia nyingi zinavichanganya hivi viwili, na humo ndimo hela inamopotelea.

Ingekuwa kampuni, mambo yangekuwa mepesi kidogo. Kampuni haifi na mwenye hisa. Zinarithiwa hisa, na duka linaendelea na akaunti yake na wakurugenzi wake. Biashara ya mtu mmoja haina mwili wake. Hata kama marehemu alisajili jina la biashara BRELA, kwa wasajili wa biashara, na kuning'iniza cheti ukutani, lile ni jina tu, halijawa mtu mbele ya sheria. Leseni ilikuwa yake, TIN, yaani namba ya mlipa kodi, yake, mkataba wa fremu wake, na deni kwa muuzaji wa jumla lilikuwa lake. Siku aliyokata roho, vyote vikageuka mirathi, kuanzia magunia ya mchele mpaka mizani.

Tazama simu peke yake. Wateja wengi sasa wanalipa kwa lipa namba, na namba ile imesajiliwa kwa kitambulisho cha marehemu. Wiki ya kwanza baada ya mazishi kijana wa duka anabandika karatasi juu ya lile bango, ameandika kwa maka peni namba nyingine na jina la baba mdogo. Hajafanya kwa hila. Mteja amesimama mbele yake na mfukoni hana hela taslimu. Ila kuanzia saa ile mauzo ya mirathi yanaingia kwenye simu ileile inayolipa ada za watoto wa baba mdogo, vocha zake na michango yake ya harusi. Mwezi ukiisha, hata yeye hawezi kukuambia ipi ni hela ya duka na ipi ni yake. Wizi haujatokea bado, ila mahali pa kuufanyia pameshatengenezwa.

Sheria ilimwona msimamizi kama mtu wa kukusanya na kugawa. Kifungu cha 108 cha Sheria ya Usimamizi wa Mirathi ya Tanzania, Sura ya 352, kinamtaka akusanye mali za marehemu na madeni aliyokuwa akiwadai watu, alipe aliyokuwa akidaiwa pamoja na gharama za usimamizi, halafu awagawie wanaostahili. Chini ya sheria hiyo orodha ya mali inapelekwa mahakamani ndani ya miezi sita, na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Kwa Mahakama ya Mwanzo, Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu linasema karibu yaleyale, na kanuni zake za mwaka 1971 zinatoa miezi minne ya kuleta taarifa ya mali na madeni. Utaratibu huu unamfaa anayegawa ng'ombe, kiwanja na hela zilizoko benki. Aliyekabidhiwa duka la rejareja unamwacha njia panda, maana mali yake inauzwa na kununuliwa upya kila siku. Orodha aliyoiandika Januari, ikifika Machi hakuna kilo hata moja iliyo ileile.

Na kuna hatari ambayo warithi wengi hawaijui, na wanaomlaumu msimamizi ndio hawaijui zaidi. Mahakama za Uingereza ziliijadili karne ya 19, na Baraza la Malodi, mahakama yao ya juu kabisa wakati huo, likaiweka sawa mwaka 1891 katika shauri la Dowse dhidi ya Gorton. Msimamizi akiendeleza biashara ya marehemu, madeni mapya anayoingia ni yake binafsi. Mdai anamshika yeye. Yeye ndiye anayeigeukia mirathi adai kurudishiwa, na huko nako anaweza kuwakuta wadai wa zamani wa marehemu wamesimama mbele yake, kama hawakukubali biashara iendelee. Waingereza hawako mbali nasi katika hili: Tanzania Bara ilipokea misingi ya sheria zao kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pale ambapo sheria zetu wenyewe hazijasema vingine. Kwa mtu wa Kariakoo maana yake ni kwamba baba mdogo akichukua mafuta na sukari ya shilingi milioni 6 kwa mali kauli, duka likayumba, mwenye jumla atamdai baba mdogo. Marehemu keshalala. Mtu anayebeba mzigo wa namna hiyo kwa ajili ya watoto wa kaka yake, kumwambia asile hata shilingi ni ukatili.

Sasa kwenye malipo yenyewe. Kanuni ya zamani ya Kiingereza ni kavu: wasii, yaani aliyetajwa kwenye wosia kusimamia mali, au msimamizi halipwi kwa muda na taabu yake, isipokuwa wosia umesema, au warithi wote walio watu wazima wameridhia, au mahakama imeruhusu. Gharama alizotoa mfukoni anarudishiwa; jasho, hapana. Shauri linalotajwa sana ni la Robinson dhidi ya Pett la mwaka 1734, na sababu iliyotolewa mle ni ya mtu aliyewaona ndugu wakigombania mali: ukifungua mlango wa ujira, mirathi itabebeshwa madai ya taabu mpaka isibaki cha kurithi. Waingereza wenyewe walilegeza mwaka 2000 kwa Sheria ya Wadhamini, lakini waliwalegezea wataalamu, mawakili na wenzao wanaoishi kwa kazi hiyo. Ndugu wa kawaida aliyetajwa kwenye wosia ulionyamaza kuhusu malipo bado yuko mwaka 1734.

Naielewa kanuni hiyo kwa watu iliowakusudia, mabwana wenye mashamba na kipato chao, waliopokea usimamizi kama heshima kwa rafiki aliyekufa. Msimamizi wa Mbagala au Buguruni ni mtu mwingine. Ni mwalimu aliyeomba ruhusa kazini, fundi aliyefunga karakana yake, binti aliyeacha meza yake ya mitumba. Mkimwambia akae kwenye duka la marehemu miaka miwili bila kitu, mnampa mambo mawili achague: duka life, au ale kimyakimya. Wengi wanakula kimyakimya. Na anayekula kimyakimya hawezi kuandika kwenye daftari, kwa hiyo daftari lenyewe linakufa, na likishakufa hata anayeiba kwa makusudi hatofautiani tena na yule aliyechukua nauli.

Pwani tuna kipimo kilichokuwepo kabla mahakimu wa kikoloni hawajashuka melini. Aya ya 6 ya Suratun Nisaa inamzungumzia mlezi wa mali ya yatima: mwenye uwezo wake ajizuie, na aliye fukara ale kwa kadiri inayokubalika. Mafakihi wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo ya Waislamu wengi wa Unguja, Tanga, Mombasa na Lamu, wakaikaza zaidi. Mlezi huyo fukara achukue kilicho kidogo kati ya viwili: ujira ambao mtu mfano wake angelipwa kwa kazi ile, au mahitaji yake. Aya ya 10 ya sura hiyohiyo inawaonya wanaodhulumu mali ya yatima kwamba wanachokula ni moto matumboni mwao, na hiyo ndiyo inayosomwa zaidi misibani. Mimi ile ya 6 ndiyo inayonisimamisha. Kipimo chake kiko nje ya mkono wa mlaji. Ujira wa muuza duka unajulikana. Uliza maduka matatu ya mtaa huohuo utaupata. Na kile kipande cha kwanza, cha mwenye uwezo kujizuia, kingemaliza kesi nyingi zinazomhusu mjomba mwenye daladala tatu anayejilipa "posho ya usimamizi" kutoka kwenye kibanda cha vyakula.

Hesabu ndiyo inayoonyesha ubaya wa kujilipa mwenyewe vizuri kuliko mahubiri. Tuseme ni duka la vyakula pembezoni mwa mji, linauza shilingi 600,000 kwa siku. Aliye nje akiiona droo jioni anadhani humo mna utajiri. Humo mna hela ya watu. Sehemu kubwa ni mtaji unaorudi sokoni kununua mchele na mafuta mengine. Faida ghafi ikiwa asilimia 10, ni 60,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 1,560,000 kwa mwezi. Toa kodi ya fremu 400,000, msaidizi 200,000, umeme, mlinzi na taka 110,000, na 90,000 ya kuweka pembeni kwa ajili ya TRA, mamlaka ya mapato, maana kodi haisimami kwa sababu ya msiba. Inabaki 760,000. Hiyo ndiyo faida ya kuizungumzia, na ni kwa mwezi mzuri.

Baba mdogo anachukua 20,000 kila siku ya chakula na nauli. Haioni kama mshahara, ni hela ya kula tu. Mwisho wa mwezi anachukua 300,000, hiyo ndiyo anayoiita mshahara, na anaiona ndogo, na kweli ukiitazama peke yake ni ndogo. Jumla ni 820,000. Amepita faida kwa 60,000. Nyumbani kwa marehemu nako mama anatuma mtoto dukani kuchukua unga, sukari na sabuni ya kama 5,000 kwa siku, hiyo ni 130,000 kwa mwezi, na hakuna aliyewahi kuiandika kwa sababu ni nyumbani. Pengo sasa ni 190,000 kwa mwezi. Linatoka wapi? Linatoka kwenye mzigo. Kwa miezi 18 ni shilingi 3,420,000 za mtaji zilizoliwa bila mtu yeyote kujiona ameiba. Utaliona kwa macho ukiingia dukani: rafu za juu zimejazwa makopo yaliyopangwa mstari mmoja wa mbele, nyuma ni hewa, mafuta yanauzwa ya kupima tu, ya katoni yaliisha, mteja wa jumla akija anaambiwa mzigo uko njiani. Familia itasema duka lilikuwa na mkono wa marehemu na baraka zimeondoka naye. Baraka hazihusiki hapo.

Sasa weka mshahara. Kama muuzaji mwaminifu wa kuajiriwa mtaani hapo analipwa 350,000, baba mdogo apate 350,000, chakula na nauli humohumo. Zinabaki 410,000 kila mwezi. Unga wa nyumbani ukatwe humo, uandikwe, na kinachobaki kiingie kwenye akaunti ya mirathi au kiongeze mzigo. Duka ni lilelile, wateja walewale, kodi ileile.

Halafu kuna mtu ambaye hesabu hizi humtaja mwisho, na akitajwa anatajwa kama mwizi. Ni mjane. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba zilimweka kaka wa marehemu au baba yake kwenye kiti cha usimamizi. Mahakama leo zinamteua mjane pia, lakini fikra ile bado inaongoza vikao vingi vya ukoo. Matokeo yake msimamizi ni shemeji anayekuja Jumamosi kuchukua mauzo, na anayefungua duka kila asubuhi ni mjane, aliyekuwa akilifungua hata mumewe alipokuwa hai. Shemeji anachukua posho, kwa sababu ana barua ya mahakama. Mjane anachukua kilo mbili za unga, kesho yake mawifi wanalizungumza. Ukiniuliza nani katika hawa wawili anastahili mshahara, jibu halihitaji wakili: anastahili aliyekaa dukani. Barua ya usimamizi haiuzi sukari.

Na kwa mjane kuna swali la kabla ya mshahara, ambalo vikao hulikwepa: je, duka lote ni la marehemu? Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali mwaka 1983, katika shauri la talaka, kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Mwanamke aliyeuza dukani miaka kumi na mitano bila mshahara ana hoja nzito zaidi ya hiyo. Kikao kikianza kwa kuorodhesha kila gunia kuwa mirathi, halafu kikamwonea huruma kwa kumpa posho, kimemnyang'anya kwanza ndipo kikamhurumia.

Mshahara wa wazi, hata ukiwa mkubwa kidogo, una ubaya unaoonekana. Malipo ya kificho ndiyo mabaya zaidi, na hayaitwi malipo. Msimamizi ana stoo yake Manzese, anaiuzia mirathi mzigo kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Ana kirikuu, anaikodisha kwa duka kila safari ya sokoni. Anajikopesha "kwa muda" hela ya kumalizia nyumba. Anasema biashara imekufa, kisha fremu inachukuliwa na rafiki yake bila kilemba, ile hela ya kuachiwa fremu, na baada ya miezi miwili yeye ndiye yumo ndani anauza. Wakenya wameligusa hili la mwisho katika Sheria ya Urithi, Sura ya 160: mali ya marehemu ikinunuliwa na msimamizi mwenyewe, mrithi yeyote anaweza kwenda mahakamani ununuzi huo ubatilishwe. Sheria hiyohiyo inamtaka alete orodha na hesabu ndani ya miezi sita, na anayeingilia mali ya marehemu bila idhini anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja au kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000 za Kenya. Sheria ile ilianza kutumika Julai 1981, wakati 10,000 ilikuwa hela ya kumfanya mtu afikiri. Leo ni katoni chache za mafuta, na mwenye tamaa atailipa kutoka kwenye droo hiyohiyo.

Nini kifanyike basi, kwa familia isiyo na wakili? Kikao kilekile kinachompendekeza msimamizi, na muhtasari uleule unaopelekwa mahakamani, viseme mambo ya duka. Nani atakaa dukani. Atalipwa kiasi gani. Mpaka mwezi gani. Nani mwingine ataona daftari kila mwisho wa wiki. Watu wanaona haya kutaja hela wakati udongo wa kaburi haujakauka, naelewa, lakini kikao kile ndicho cha mwisho ambacho wote wanakaa chumba kimoja wakiwa bado wanapendana. Ikipita arobaini, kila upande una mwanasheria wake wa kijiweni.

Siku ya kwanza ya kufungua, mzigo uhesabiwe. Hili silikwepi kwa sababu ndilo linaloamua kesi zote za baadaye. Awepo mmoja wa upande wa marehemu na mmoja wa upande wa mjane, kaunta buku moja, wapite rafu kwa rafu: mchele kilo ngapi na ulinunuliwa bei gani, mafuta madumu mangapi, sabuni katoni ngapi, chenji kwenye droo, madeni ya wateja yaliyoko kwenye lile daftari la marehemu lenye jalada lililochakaa, na madeni ya marehemu kwa wauzaji wa jumla. Wasaini wote. Inachukua siku nzima na inachosha, na vumbi la unga linaingia mpaka kwenye kope. Bila karatasi hiyo, hakuna hakimu atakayejua baadaye kama mtaji ulikuwa milioni 9 au milioni 4. Kisha mauzo yaache kuingia kwenye simu ya mtu. Msimamizi aende benki na barua yake, aombe akaunti ya mirathi, na malipo yote ya wateja yaelekezwe huko.

Kama kuna watoto walio chini ya miaka 18, makubaliano ya wakubwa hayatoshi. Mtoto wa miaka sita hawezi kuridhia baba yake mdogo alipwe 350,000, na mama yake akiridhia kwa niaba yake huku naye akilipwa na duka hilohilo, hapo kuna mgongano wa maslahi. Mshahara huo upelekwe kwa hakimu uandikwe kwenye jalada, na kwenye hesabu uonekane kama gharama ya usimamizi, mstari wake peke yake. Nimewahi kuambiwa kwamba mahakama zina mafaili mengi, haziwezi kugeuka wakaguzi wa maduka. Hakuna anayeziomba zikague. Hakimu anayepokea fomu ya hesabu yenye biashara ndani anaweza kuuliza swali moja tu: wewe unalipwa nini, na nani aliyepanga? Swali hilo likizoeleka, wasimamizi watakuja na jibu mkononi.

Jambo la muda ndilo gumu kuliko kiasi. Mshahara, hata ukiwa wa haki, unamgeuza msimamizi kuwa mtu ambaye mirathi ikifungwa yeye anapoteza kazi. Atapata sababu. Kuna mrithi yuko Muscat hajasaini, kuna deni halijalipwa, kuna hati imepotea. Ndiyo maana mshahara uwe na mwisho, na mimi ningependekeza usizidi mwaka mmoja, uleule ambao Sura ya 352 inautoa kwa hesabu. Ndani ya mwaka huo familia iamue. Yupo mrithi anayelitaka duka na anaweza kuliendesha? Apewe kama sehemu ya fungu lake, mzigo upigiwe bei, tofauti ailipe. Hayupo? Liuzwe lingali lina wateja, fremu na mzigo, kwa sababu mahali penye biashara hai kilemba chake ni fedha, na fremu yenye rafu tupu mwenye nyumba anaichukua bure.

Na pale ambapo maji yameshamwagika, baba mdogo ameshakula miezi 18 bila makubaliano yoyote? Familia nyingi hukimbilia polisi, zikarudi mikono mitupu na undugu umekufa. Njia iliyo bora ni kuiomba mahakama iliyompa barua imtake alete hesabu. Akikataa makusudi, au akileta za uongo, usimamizi wake unaweza kutenguliwa: kwa Mahakama ya Mwanzo chini ya lile Jedwali la Tano, na kwa mahakama za juu yake chini ya kifungu cha 49 cha Sura ya 352. Hesabu zikipatikana, warithi wasimdai kila shilingi aliyoigusa; watashindwa, na itakuwa dhuluma. Kwa mfano wetu alichukua 820,000 kwa mwezi, jumla 14,760,000. Kwa kazi aliyoifanya angestahili 350,000, jumla 6,300,000. Anadaiwa 8,460,000. Kama naye ni mrithi, zikatwe kwenye fungu lake. Kama si mrithi, na kwa Waislamu ndugu wa marehemu harithi marehemu akiacha mtoto wa kiume, atazitoa mfukoni, kwa awamu ambazo mahakama itazipanga, na unga aliokula mjane usiingizwe kwenye deni lake.